Msimsahau Gibbons mkimsifu Wren

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, imemsifu msanifu Christopher Wren, na anastahili. Ila mwandishi alipofika kwenye viti vya kwaya aliandika kwamba mbao "zimenakshiwa kwa ustadi", akapita. Zimenakshiwa na nani?

Ni Grinling Gibbons, mzaliwa wa Rotterdam mwaka 1648, aliyevukia Uingereza akiwa kijana. Mwaka 1671 John Evelyn, mwandishi wa shajara, alimkuta Deptford, karibu na London, katika kibanda cha upweke, amejifungia anachonga Kusulubiwa kwa Yesu akifuatisha picha ya Tintoretto, mchoraji wa Italia. Evelyn ndiye aliyempeleka kwa Mfalme Charles wa Pili. Kufikia 1693 alikuwa mchongaji mkuu wa mbao wa ufalme, na mwaka 1697 eneo la kwaya la Mtakatifu Paulo lilifunguliwa kwa ibada likiwa na nakshi zake.

Mimi ni seremala, hivyo mniwie radhi nikikawia kwenye mbao. Gibbons alipenda mti wa jamii ya Tilia: mweupe, laini, nyuzi zake hazisumbui, patasi inapita upande wowote utakao. Ndiyo maana aliweza kuchonga petali nyembamba ambazo kwenye mwaloni zingemvunjikia mkononi. Wala hakuchimba shada zima kwenye gogo moja. Vipande vilichongwa mbalimbali, kisha vikapandishwa tabaka juu ya tabaka, hata ua likasimama mbele na kivuli chake kikaanguka nyuma. Kazi zake nyingi aliziacha bila rangi, weupe wake uonekane juu ya mbao za mwaloni. Waliokuja baadaye wakazipaka vanishi. Heri wangeziacha na vumbi lake.

Tena, kwa haki, hata Gibbons hakuchonga kila jani mwenyewe. Karakana yake ilikuwa na wasaidizi, na majina yao hayatajwi mara nyingi. Kazi yenyewe haina haraka: jumba la kifalme la Hampton Court lilipoungua mwaka 1986, pambo moja la Gibbons likateketea, na Mmarekani David Esterly alikaa mwaka mzima akilichonga upya. Pambo moja tu, mhariri.

Naomba toleo lijalo muandike jina la Gibbons chini ya ile picha ya viti vya kwaya. Nafasi ipo, jina la Wren mmelitaja mara mbili pale pale.

Msomaji wenu,
Seremala, Tanga