Filamu fupi za kutisha nazo ni za sikukuu, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa Dodoma, huku Nkuhungu, leo nina jambo dogo ila naomba mlitoe lote msilikate katikati. Kila Disemba ukurasa wenu wa burudani unatuwekea filamu za kuangalia na familia msimu wa sikukuu, na kila mwaka ni zilezile, saa mbili, mapenzi, Krismasi ya theluji, wakati hapa kwetu Disemba ndo mvua za kwanza zinagonga bati na mtu anawaza shamba lake la uwele kule Bahi litalimwa lini. Sijawahi kuona mkigusa filamu fupi za kutisha. Zile za dakika tatu, tano, kumi, ambazo vijana wanarushiana kwenye simu usiku afu wanaogopa kwenda chooni.

Mimi nazipenda hizo kuliko muvi yoyote ndefu, na naona sikukuu ndo mahali pake hasa. Angalia Dodoma ilivyo Krismasi. Watumishi wameshapanda treni au basi wamerudi kwao, Area C na Kisasa unapita saa mbili usiku unasikia mbwa tu na upepo, ila nyumba za sisi wenyeji ndo zimefurika, shangazi katoka Mpwapwa, wajomba wa Kondoa, watoto wa kila umri wamelala chini sebuleni kama samaki kwenye tenga. Sasa watu wote hao uwawekee filamu ya saa mbili, nani ataimaliza? Mmoja anaitwa jikoni kuangalia pilau, mwingine kapokea simu, babu kasinzia, na anayerudi anauliza "huyu ndo nani tena?" mpaka wote mnakasirika. Filamu ya dakika nne haina hiyo shida. Inaanza, kila mtu anashika mkono wa mwenzake, mtu anapiga kelele, imeisha, mnacheka, mnabishana kama ile ilikuwa jini au mtu, afu mnaweka nyingine. Na bando haliumii, umeme nao ukikatika unakuwa hujapoteza kitu, kwanza ukikatika wakati huohuo ndo raha yenyewe.

Najua wapo watakaosema Krismasi ni kuzaliwa kwa Bwana, mashetani ya nini siku hiyo, mama yangu mdogo ni mmoja wao na namheshimu. Ila hao Waingereza waliotuletea nusu ya hizo nyimbo za Krismasi tunazoimba, wao hadithi za mizimu wamezisimulia msimu huohuo miaka na miaka. Charles Dickens alipoandika kitabu chake cha Krismasi mwaka 1843 alimjaza mle mzimu wa mfanyabiashara akiburuta minyororo. M. R. James, msomi wa Cambridge, alikuwa anawasomea marafiki zake hadithi zake za mizimu usiku wa kuamkia Krismasi, na BBC kuanzia mwaka 1971 ikawa inatoa filamu moja ya mzimu karibu kila Krismasi mpaka 1978, nyingi zimetokana na hadithi za huyohuyo James, na hazikuwa ndefu. Na sisi je? Nani hapa kanda ya kati hakusimuliwa habari za fisi wa usiku akiwa kwa bibi, moto umebaki makaa, nje giza? Tofauti ni kwamba siku hizi moto umekuwa simu.

Sasa niseme kwanini fupi. Filamu ndefu ya kutisha lazima ijieleze. Ikifika nusu saa unataka kujua yule mzimu alikufaje, nani alimkosea, mchungaji atafika saa ngapi, na ukishajua hayo yote woga umekwisha, umebaki na kesi ya familia. Fupi haina muda wa kujieleza, inakupa kanuni moja tu afu inakuacha nayo. Mfano ni Lights Out ya David F. Sandberg, Mswidi, ya mwaka 2013. Dakika mbili na nusu hivi, hakuna anayeongea. Mwanamke anataka kulala, anazima taa ya korido, anaona kivuli cha mtu kimesimama kule mwisho, anawasha, hakuna kitu, anazima, kipo. Anarudia. Halafu kimesogea. Basi! Hiyo ndo kanuni yote, na nakuhakikishia Mhariri swichi ya korido yako utaiangalia kwa jicho lingine.

Na huyo jamaa hakuwa na kampuni wala nini, alipigia nyumbani kwake, mwigizaji ni mke wake Lotta Losten, akaipeleka kwenye mashindano ya mtandaoni. Ikasambaa, Hollywood wakamwita, mwaka 2016 ikatoka filamu ndefu ya jina hilohilo ambayo bajeti yake haikufika dola milioni 5 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 140 duniani. Si yeye peke yake. Andy Muschietti wa Argentina alikuwa na kifupi kinaitwa Mama cha mwaka 2008, dakika tatu tu, watoto wawili wa kike na mama yao aliyerudi, mwongozaji maarufu wa Mexico Guillermo del Toro akakiona akakishika mkono, 2013 ikawa filamu kubwa. James Wan na Leigh Whannell wa Australia walitengeneza kipande cha dakika kama tisa mwaka 2003 ili wauze wazo lao, kikazaa Saw ya 2004, na mpaka 2023 zilishafika kumi (hizo za kukatana viungo mimi sizipendi, nasema ukweli, kuogopa na kutapika ni vitu viwili). Tena ukirudi nyuma kabisa, sinema ya kutisha ilizaliwa ikiwa fupi, Georges Méliès wa Ufaransa mwaka 1896 alitoa ya dakika tatu hivi, popo anaruka kwenye jumba anageuka shetani, na watu wengi wanaihesabu ndo ya kwanza duniani. Urefu umekuja baadaye na biashara.

Sisi wenyewe tumewahi kuipenda sana hii fani sijui imepotelea wapi. Enzi za vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, na sauti ya Lufufu akitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili, filamu za kutisha ndo zilikuwa zinajaza mabenchi. Bongo muvi nazo mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa na Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, watu wazima walikuwa wanaangalia huku wamejifunika khanga. Na woga wa kwetu hauhitaji hata filamu, mwaka 1995 Popobawa, jini linalosemwa kuvamia watu usiku wamelala ndani, alivyoanza kusemwa Pemba akaja Unguja mpaka Dar watu walilala nje barazani kwa makundi. Siku hizi ukifungua TV ni tamthilia, mama mkwe kamwekea mtu sumu, sehemu ya mia mbili na ngapi. Haya.

Ndo maana nasema vijana wa huku kati wangeshika hizi fupi, maana vitu vyote vipo. Mibuyu ipo, saa kumi na mbili jioni jua likizama nyuma ya mbuyu uliokauka majani hauhitaji msanii wa kuupaka rangi. Upepo wa Dodoma mnaujua, mwezi wa nane unavuma usiku kucha unatikisa bati kama kuna mtu juu, hiyo sauti watu wa nje wanainunua sisi tunailalamikia. Kuna nyumba za tembe vijijini, zile za Wagogo za paa bapa la udongo, mlango mfupi mpaka uiname, ndani giza hata mchana. Piga picha mtu ameinama anaingia, tunaona mgongo wake tu, afu kuna mtu ndani tayari. Nimemaliza, hiyo ni filamu. Na muziki msiende kuchukua yale mapiano ya kwenye intaneti, chukueni zeze la Kigogo na ilimba, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, zile alizokuwa anapiga marehemu Hukwe Zawose duniani kote, ukivuta uzi mmoja taratibu nywele zinasimama. Hata ile michoro ya mapangoni Kolo, Kondoa, ambayo UNESCO waliiweka urithi wa dunia mwaka 2006, mle kuna watu warefu wenye vichwa vya ajabu wamekaa kwenye mwamba karne na karne wanatuangalia, ila hapo mtu aende kwa adabu na ruhusa kwa sababu wazee bado wana mambo yao ya matambiko pale, si mahali pa kwenda kupiga kelele na simu.

Mbinu pia si ngumu kama watu wanavyodhani. Ile ya mtu kutokea na kupotea unaweka simu kwenye stendi isitikisike hata kidogo, unapiga shoti mtu akiwepo, unapiga nyingine hayupo, unazikutanisha kwenye programu ya kuhariri pale taa inapozimwa. Kinachoshinda wengi ni sauti, wanapiga picha nzuri afu sauti ni ya pikipiki zinapita, na kosa jingine ni haraka, wanataka jini litokee sekunde ya tano likiwa na meno ya plastiki. Jini usilionyeshe! Onyesha uso wa anayeliona.

Lakini kuna jambo moja hapa naomba nilitulize kidogo. Wakipewa kamera watu wetu, kitu cha kwanza wanachotoa ni bibi kizee mwenye macho mekundu ndo mchawi. Hiyo hapana. Nchi hii vikongwe wameuawa kweli, kwa mapanga, Shinyanga na Mwanza na Tabora, kwa sababu ya hayo macho mekundu, na macho yenyewe ni moshi wa kuni za miaka hamsini, au ni trakoma, ugonjwa wa macho ambao Kongwa yetu hii watafiti wameufuatilia miaka mingi sana. Bibi anapikia wajukuu moshini afu mnamfanya zimwi. Na watu wenye ualbino hivyohivyo, damu yao imeshamwagika kwa imani za kijinga, wasiwekwe kwenye hadithi hizi kama kitu cha kutisha. Filamu ya dakika tatu inasambaa haraka kuliko mahubiri, ikibeba uongo inabeba mpaka kijijini ambako hakuna wa kuwaambia watu kwamba ilikuwa maigizo. Tishieni watu kwa kivuli, kwa mlango, kwa simu inayoita na namba ni ya marehemu, vitu vya kutishia havijaisha duniani.

Kuhusu watoto, mimi kwangu kuna utaratibu na sikukuu haibadilishi. Wadogo wanalala kwanza, na siyo kulala kwa macho, kulala kweli. Wa darasa la sita na kuendelea wanaruhusiwa zile zisizo na damu, taa ya korido inawaka, na mkubwa mmoja lazima awe ameshaiangalia kabla, maana huko mtandaoni hakuna mtu wa Bodi ya Filamu amekaa mlangoni kukuambia hii ni ya umri gani. Sabufa tunaizima usiku kwa ajili ya jirani. Na ya mwisho kabisa kabla ya kulala tunaweka ya kuchekesha, zipo nyingi za kutisha zinazoishia kwenye kicheko, la sivyo shangazi ataniamsha saa nane nimsindikize uani.

Na sikukuu zikipita tusizifungie kabatini. Mwezi wa saba kile kibaridi kikishuka, watu wameingia ndani saa moja na blanketi, ndo msimu mzuri kuliko hata Disemba. Jioni ya kawaida tu, umetoka kazini Mtumba kwenye ofisi za serikali, umekaa kwenye daladala umechoka, hutaki habari za siasa, filamu ya dakika tano inakutosha mpaka unashuka. Ila ukiwa peke yako na spika masikioni usije ukanilaumu.

Ombi langu kwenu ni hili. Pale kwenye burudani wekeni kila wiki filamu fupi moja ya kutisha, jina lake, ni ya dakika ngapi, nani katengeneza, mtoto wa umri gani aangalie, mistari kumi tu inatosha. Mkipata ya kijana wa Kitanzania mtangulizeni yeye kwanza, hata kama picha ina giza kidogo. Kama nafasi hamna punguzeni ile sehemu ya nyota, mimi ni Nge na toka nianze kuisoma haijawahi kunitabiria umeme kukatika hata mara moja.

Wenu msomaji,
Nkuhungu, Dodoma