Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya: vyungu vilivuka salama

Mheshimiwa, shikamoo.

Ijumaa moja ya likizo tulitoka Mbeya alfajiri, tukapita Tukuyu ndani ya ukungu, tukateremka hadi Matema. Tulitaka kuvuka Ziwa Nyasa kwenda Ikombe kwa Wakisi, tuwaone akina mama wakifinyanga, tule samaki mbasa, jioni turudi. Ikombe si kisiwa, ila mgeni akifika atabisha: mbele maji, nyuma Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta.

Asubuhi ziwa lilikuwa limelala. Kurudi tulipanda boti ya injini iliyobeba vyungu vya soko la Jumamosi pale Lyulilo. Nahodha alivipanga kwa subira ambayo sijaiona hata kwa wauza mayai: kimoja kimoja, majani makavu katikati visigongane, kamba juu. Kisha akatuita abiria tujibanze palipobaki.

Saa tisa upepo ukaamka. Wimbi la kwanza lilitulowesha, la pili likanyamazisha hata walevi. Tulikuwa watu kumi na saba na jaketi okozi moja, nalo nahodha alikuwa amelikalia. Simlaumu, ubao ule ni mgumu. Lakini ziwa hili lina kina kinachopita mita 700, na upande ule mlima unazama majini moja kwa moja. Hakuna ufuko wa kukimbilia.

Mheshimiwa, nakuomba usipige marufuku boti hizo. Ukizifunga, mfinyanzi atabeba mitungi kichwani kwenye njia ya mawe. Ninachoomba ni jaketi zikae ufukweni mikononi mwa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, abiria akodi kwa nauli ndogo na kurudisha akishuka, na ziwepo za watoto, maana jaketi ya mtu mzima humvuka mtoto kichwani. Kila boti ichorwe mstari wa rangi ubavuni. Mstari ukizama, mtu ashuke, au chungu. Na wakaguzi wa vyombo vya majini wa TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, waje kabla ya Desemba, wageni wakiwa hawajajaa, si baada ya msiba.

Chungu changu kipo jikoni, hakina ufa. Pasaka tunataka kurudi, na mwanangu wa miaka sita ameshaniuliza kama safari hii naye atafungiwa majani.

Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa.

Mzazi, Mbeya mjini