Barua ya wazi kwa vijana wa Jiji la Mbeya: ujueni mpaka kabla ya kumbishania mbunge

Wanangu wa Uyole, Mwanjelwa, Soweto, Iyunga na kwingine kote jijini,

Mwagonile.

Tangu Mei 2025 vijiweni kuna swali lisiloisha: jimbo letu limekatwa kwa faida ya nani? Kuuliza ni haki yenu, na msiache kuuliza. Kinachoniuma ni kwamba wengi wenu mnabishania mstari ambao hamjauona, tena kwa kutumia kura zilizopigwa kabla mstari huo haujachorwa. Naomba mjue mpaka wenyewe ulivyo, na mjue karatasi zinazouzaa mpaka zinaanzia kwenye meza gani, kwa sababu huko ndiko sauti yenu ilipopotea.

Tarehe 12 Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya 8. Jumla ya majimbo ikafika 272, yaani 222 ya Tanzania Bara na 50 ya Zanzibar. Uyole ni mojawapo ya hayo mapya, limemegwa kutoka Mbeya Mjini. Mkoa wetu sasa una majimbo 8: Mbeya Mjini, Uyole, Mbeya Vijijini, Rungwe, Busokelo, Kyela, Mbarali na Lupa. Kilichogawanywa hapa mjini ni jimbo. Halmashauri ya Jiji imebaki moja, ina meya mmoja, mkurugenzi mmoja na baraza moja la madiwani, na wabunge wote wawili wanaingia baraza hilohilo. Taka, masoko, stendi na barabara za mitaa vinapangwa pale pale vilipokuwa vinapangwa. Akija mtu kuwaambia kwamba Uyole sasa ina bajeti yake ya jiji, mwambieni hapana. Kilichoongezeka ni kiti kimoja bungeni na Mfuko wa Jimbo wa pili, ule wa sheria ya mwaka 2009, ambao kamati yake inaongozwa na mbunge. Huo mfuko fuatilieni, maana fedha zake ni za miradi midogo inayoibuliwa na wananchi wenyewe: darasa lisilo na bati, kivuko, bomba la maji.

Sasa mpaka. Miongoni mwa vigezo vya Tume kuna viwili ambavyo kwa mtu wa mjini vinabeba uzito wote: jimbo moja lisiwe ndani ya halmashauri mbili, na kata moja isiwe ndani ya majimbo mawili. Maana yake mstari haukati kata, hupita kwenye mpaka wa kata na kata. Jiji la Mbeya lina kata 36 na mitaa 181. Ukiijua kata yako umelijua jimbo lako, wala huhitaji ramani ya mtu wa kijiweni. Nenda kwa mtendaji wa kata, muulize mtaa wako uko kata gani kwa mujibu wa orodha ya sasa, kisha angalia kata hiyo imetajwa kwenye jimbo lipi katika tangazo la Tume.

Makosa mengi yanatokana na majina. Mbalizi Road ni kata ya jijini. Mji wa Mbalizi ni kitu kingine kabisa: uko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, na anayelala huko ni mpiga kura wa Mbeya Vijijini hata kama kila asubuhi anafungua duka Mwanjelwa. Uwanja wa ndege wa Songwe nao uko wilaya hiyohiyo, hauko Mkoa wa Songwe uliotoka kwetu mwaka 2016. Na neno "Uyole" lenyewe sasa linabeba mambo matatu: njia panda ya kwenda Tukuyu na Kyela, kata yenye jina hilo, na jimbo zima lenye kata nyingi. Kijana akisema "mimi si wa Uyole, naishi kata nyingine", huenda ni mpiga kura wa Jimbo la Uyole na hajui.

Kuhusu idadi ya watu nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo ubishi unapowaka. Tume ilitangaza kigezo cha watu 600,000 na kuendelea kwa jimbo la mjini, na 400,000 kwa la vijijini. Sensa ya 2022 iliihesabu Mbeya Jiji watu 541,603. Kwa hiyo wapo wanaosema hatukutimiza. Lakini chukueni na sensa ya 2012, iliyotupa 385,279. Ndani ya miaka 10 tumeongezeka kwa karibu asilimia 41, sawa na asilimia 3.5 hivi kila mwaka. Endelezeni mwendo huo kwa miaka 3 kutoka 2022 na mtaikuta Mbeya ya 2025 ikigusa 600,000. Sisemi kwamba Tume ilitumia hesabu hii. Nasema yeyote anayetaka kuipinga au kuitetea Uyole kwa namba aanze na hizi, na akumbuke kwamba idadi ya watu ni kigezo kimoja kati ya vingi. Vingine ni mawasiliano, jiografia, uchumi, ukubwa wa eneo, mipaka ya utawala, hata uwezo wa ukumbi wa Bunge. Wenzetu wa Iringa Mjini, wenye watu 202,490 kwa sensa hiyohiyo, wasiahidiwe jimbo la pili na mwanasiasa yeyote kwa kigezo cha idadi ya watu, hawajafika hata nusu ya njia.

Karatasi zilipita wapi? Ibara ya 75 ya Katiba inaipa Tume kazi ya kugawa majimbo baada ya kupata kibali cha Rais, na inaitaka ichunguze mipaka angalau kila baada ya miaka 10. Safari hii maombi yalipokewa kuanzia 27 Februari hadi 26 Machi 2025, siku 28 tu. Ndani ya siku hizo pendekezo linatakiwa lijadiliwe kwenye vikao vya halmashauri, lipite kamati za ushauri za wilaya na mkoa, kisha lifike Tume kupitia mkoani. Siku 28 hazimtoshi mtu anayeanza kutafuta takwimu siku ya kwanza. Aliyekuwa na orodha ya kata, idadi ya watu wa kila kata na ramani mezani mwake tangu Januari ndiye aliyesikika. Nyinyi mlianza kuzungumza Mei, tangazo likiwa tayari limetoka. Na Ibara ya 74(12) inazuia mahakama kuchunguza yaliyotendwa na Tume katika kutekeleza madaraka yake ya kikatiba. Nasema wazi kwamba kizuizi hicho hakinipendezi, lakini maadamu kipo, pa kupigania mpaka ni barazani, kabla ya tangazo.

Tuje kwenye kura. Mwaka 2010 Joseph Mbilinyi wa CHADEMA, mnayemwita Sugu, alishinda Mbeya Mjini kwa kura zaidi ya 46,000. Mwaka 2015 akapata zaidi ya 108,000 dhidi ya karibu 47,000 za mgombea wa CCM. Mwaka 2020 Dkt. Tulia Ackson wa CCM akatangazwa mshindi kwa zaidi ya 75,000 dhidi ya 37,000 na ushee za Mbilinyi. Wengi huziangalia namba hizi kutafuta nani kapanda na nani kashuka. Mimi naomba mjumlishe. Wagombea wawili wa juu mwaka 2015 walikuwa na kura kama 155,000 kwa pamoja. Mwaka 2020 walikuwa na kama 113,000. Kura zaidi ya 40,000 hazionekani, katika jiji ambalo watu wake walikuwa wanaongezeka kila mwaka. Kila upande una maelezo yake kuhusu 2020. Jibu la kweli liko kwenye hesabu ya kituo kwa kituo.

Mwaka 2025 Dkt. Tulia alihamia Uyole na kushinda. CHADEMA haikuwa na mgombea popote, kwa kuwa haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi mwezi Aprili. (Vifo vilivyotokea nchini Oktoba ile vinastahili barua yake, siwezi kuvipitia kwa sentensi moja.) Kwa hiyo kuweka Mbeya Mjini ya 2020 kando ya Mbeya Mjini ya 2025 na kusema chama fulani kimepanda au kimeshuka ni kosa mara mbili: eneo si lile, na washindani si wale.

Anayetaka kulinganisha kwa haki afanye hivi. Achukue matokeo ya 2015 na 2020 kituo kwa kituo, zile fomu za ubunge mnazoziita 21B, avikusanye vituo kwa kata, kisha kata zilizoingia Uyole azijumlishe peke yake na zilizobaki peke yake. Hapo atapata "Uyole" ya 2015 ambayo haikuwapo kwa jina lakini wapiga kura wake walikuwapo. Akikosa fomu, asikimbilie kura za udiwani bila uangalifu. Zina faida ya kuhesabiwa kwa kata, lakini diwani aliyepita bila kupingwa haachi kura yoyote ya kuhesabu, na watu wengi humchagua diwani kwa kumjua, si kwa chama. Aangalie pia kata zilizogawanywa au kubadilishwa jina kati ya uchaguzi mmoja na mwingine, maana kata moja inaweza kuhesabiwa mara mbili.

Kuhusu daftari nitasema kifupi. Unapiga kura kwenye kituo ulichoandikishwa. Ukihama kutoka Iyunga kwenda Igawilo usingoje Oktoba. Wakati wa uboreshaji nenda kituo cha unakoishi sasa na kadi yako ya zamani, taja ulikotoka, taarifa zako zihamishwe na upewe kadi mpya. Tena orodha ya uchaguzi wa serikali za mitaa ni nyingine. Aliyejiandikisha Oktoba 2024 kumchagua mwenyekiti wa mtaa hakuingia kwa hilo kwenye Daftari la Kudumu. Vijana wengi hugundua haya siku ya kura, wakiwa wameshasimama foleni.

Na mgombea wenu akiona matokeo ya ubunge yana kasoro, kesi hufunguliwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Nakala za vituoni zisizokusanywa usiku ule ule hazipatikani kirahisi wiki ya tatu.

Kikao cha baraza la madiwani kinakaa kila robo mwaka na milango yake iko wazi kwa wananchi. Chagueni wawili kila kata wawe wanahudhuria na kuandika. Ombeni kwa barua muhtasari wa kikao kilichopitisha pendekezo la Uyole, mkiitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoipa ofisi siku 30 za kujibu. Wekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi mbaki nayo. Kisha andaeni jedwali la kata 36, watu wa kila kata kwa sensa ya 2022, na vituo vya kupigia kura. Liwe tayari kabla ya Tume kutangaza tena siku za kupokea maombi.

Ndaga.

Mzee wenu, Mbeya