Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wakulima wa Soya

Ndugu wanachama,

Hesabu za mauzo, madeni na ukarabati wa ghala mmeshasomewa na mhazini, sitazirudia. Nitasema juu ya jambo lililotugombanisha msimu mzima: zile pakiti za bakteria wa kupaka mbegu, ambao huingia kwenye mizizi ya soya, hutengeneza humo vinundu, yaani vivimbe vidogo, na kuulisha mmea naitrojeni ya hewa.

Nianze kwa kukiri. Katoni ya kwanza niliileta mwenyewe kwa bodaboda, jua la saa saba, nikaiweka kwenye stoo ya bati siku nne nikisubiri mvua. Waliopaka mbegu zao kwa pakiti zile waling'oa miche wakakuta mizizi mitupu bila vinundu, soya imekuwa ya njano, na maneno yakaenea kwamba tumeuziwa dawa feki. Haikuwa feki. Niliwaua bakteria mimi, kwa joto. Kamati imeamua nilipe gharama ya katoni, na nusu nimeshalipa.

Tulipotembelewa na mtafiti wa udongo wakati soya inatoa maua, alipasua kinundu cha mzizi kwa wembe mbele yetu. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama. Rangi ile ni ya protini iliyo ndugu wa hemoglobini ya damu yetu. Kazi yake ni kugawa oksijeni kidogo kidogo, kwa sababu kimeng'enya kinachogeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea huharibiwa na oksijeni. Mkipasua mkakuta cheupe au kijani, kinundu hicho hakifanyi kazi, hata vikiwa vingi namna gani.

Wengi mliuliza kwa nini pakiti ya soya haikusaidia maharage. Jibu limo kwenye jeni, yale maagizo ya urithi yaliyo ndani ya kila kiumbe. Mzizi hutoa kemikali udongoni, bakteria anayeitambua huwasha jeni zake za kutengeneza vinundu na kurudisha kemikali yake, ndipo unywele wa mzizi unajikunja na kumpokea. Bakteria wa soya na maharage hawaitani kwa lugha moja.

Bakteria anayetumika sana kwa soya duniani, USDA 110, alisomwa jeni zake zote na Wajapani mwaka 2002: herufi za maandishi ya urithi zaidi ya milioni 9, jeni zaidi ya 8,000, na zile za kushirikiana na mmea nyingi zimekaa pamoja kwenye kipande kimoja. Kipande cha namna hiyo chaweza hata kuhama. Huko New Zealand shamba la lotus, mmea wa malisho wa jamii ya mikunde, liliwekwa bakteria wa aina moja tu. Baada ya miaka saba, watafiti walikuta vinundu vimejaa bakteria wenyeji wa udongo ule, ambao zamani hawakuwa na uwezo huo. Walikuwa wamechukua furushi zima la jeni kutoka kwa mgeni. Mimi habari hii ilininyima usingizi. Tunadhani tunapanda soya peke yake.

Kuna waliosema walivuna vizuri bila pakiti, nao hawasemi uongo. Tangu miaka ya 1970 mwishoni, IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki iliyoko Nigeria, ilizalisha mbegu za TGx zinazokubali bakteria wa udongo wa Afrika. Kwa hiyo kamati haimlazimishi mtu. Mwenye shamba jipya, lisilowahi kuona soya, tunamshauri anunue. Mwenye shamba la zamani ang'oe mimea mitano kwanza, apasue vinundu, ndipo aamue.

Urea msiimwage juu ya soya iliyopakwa. Mmea ukishiba naitrojeni ya mfuko wa mbolea hauhangaiki kutengeneza vinundu. Fosfati, hata hivyo, bakteria hawaleti. Hiyo bado tutainunua.

Mbegu ipakwe kivulini kwa maji ya sukari na ipandwe siku hiyohiyo. Iliyokwisha kuchanganywa na dawa ya kuvu msiipake, mtaua bakteria kama nilivyowaua mimi.

Katoni za msimu ujao zitasafirishwa usiku. Mzee mwenzetu amejitolea nyumba yake ya udongo ya kuzihifadhi, maana ndani mwake kuna baridi kuliko ofisini kwetu. Anayetaka pakiti ajiandikishe kwa katibu kabla ya mwisho wa Oktoba, ataje ekari zake na kama shamba limewahi kulimwa soya.