Koma kwanza, grafu baadaye

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Ama baada ya salamu, sisi huku Wete hatujambo. Mvua imekata, karafuu zimerudi majamvini na mji mzima unanukia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, hata pale alipopita muuza kahawa ukaanza kugombana naye bei ukasahau kuwa unarikodi. Nimesikia yote unayotaka kuyaongeza kwenye kikokotoo chetu cha mtandaoni: grafu za pande tatu, rangi ya usiku, akaunti za wanafunzi, na yule msaidizi wa akili mnemba. Mazuri hayo. Lakini mie naomba yote yangoje kwanza, tumalize suala la koma.

Usicheke. Kijana wa kidato cha pili aliandika 1,500+200 kwenye kikokotoo chetu akapata 700. Hakikuja kidirisha chekundu wala onyo. Ilikuja 700, safi kabisa, naye akainakili kwenye daftari. Nikaufungua msimbo nikaona sababu: anachoandika mtu unakichukua kizima kizima na kukikabidhi kwa eval, ile amri ya JavaScript inayotekeleza maandishi yoyote kama msimbo, na JavaScript, lugha ya programu inayoendesha kurasa za kivinjari, haijui koma ya maelfu. Kwake yeye koma inatenganisha hesabu mbili. Anakokotoa ya kushoto, anaitupa, halafu anarudisha ya kulia. Ile 1 ikatupwa, ikabaki 500+200. Jirani yangu naye alitaka kujua atakachopokea akipeleka karafuu zake kituoni, akaandika 15,000*40. Jibu likaja 0, maana kilichobaki baada ya koma ni 000 mara 40. Sifuri ina afadhali, kila mtu ataishtukia. Ile 700 ndiyo mbaya, maana inafanana na jibu.

Yako na mengine ya ukoo huo huo. Ukiandika 050+1 unapata 41, kwa sababu sifuri ya mbele inaifanya JavaScript ya kizamani ihesabu kwa msingi wa nane. Ukiandika 2(1+2), kama sote tunavyoandika ubaoni, unaambiwa kwa Kiingereza kwamba 2 si fanksheni. Alama ya ^ uliikumbuka ukaibadilisha iwe ya kipeo, ahsante kwa hilo, maana bila hivyo 3^2 ingetoa 1. Lakini -3^2 bado inakataliwa, kwa sababu JavaScript haikubali alama ya kutoa mbele ya kipeo bila mabano. Na kuna la usalama pia: eval haiulizi kama ilichopewa ni hesabu. Ukiipa amri yoyote, inaitekeleza. Siku tukiweka hizo akaunti za wanafunzi, mtu akatumiwa kiungo chenye maandishi ya ovyo ndani yake, sitaki kuwa mimi wa kuwaeleza wazazi.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza ni kuing'oa eval na kuandika mchanganuzi wetu wenyewe, yaani programu inayoisoma hesabu iliyoandikwa na kuipanga ipi itangulie. Si kazi ya kutisha. Dijkstra, yule mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, aliieleza njia yake mwaka 1961, akaipa jina la yadi ya reli inakopangwa mabehewa, na mpaka leo inafundishwa. Namba zinapita moja kwa moja. Alama za kujumlisha na kuzidisha zinaingizwa pembeni zikangoje, na ikija alama dhaifu, kama ya kujumlisha, basi zile zenye nguvu zilizotangulia zinatolewa kwanza. Mabano yanafunga na kufungua njia. Wewe ukikaa jioni mbili tatu utaimaliza, kisha koma, sifuri ya mbele na 2(1+2) yote yanakuwa maamuzi yetu sisi, hatutegemei tena hisani ya kivinjari.

Na hapo kwenye maamuzi ndipo ninapotaka tukae tuzungumze, kwa sababu MAGAZIJUTO tuliyoimbishwa skuli ina mtego. Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mpe mtoto 10 − 4 + 3. Yule aliyeihifadhi kama wimbo atajumlisha kwanza, 4 na 3 ni 7, kisha atatoa, apate 3. Jibu ni 9, maana kujumlisha na kutoa zina daraja moja na zinakwenda kutoka kushoto. Nimesahihisha kosa hilo mpaka kalamu nyekundu imeniishia wino. Kikokotoo kinachotupa 9 peke yake hakimsaidii mtoto huyu. Ataona mashine imekosea, au atafuta yake na kuandika ya mashine bila kujua kwa nini. Nataka chini ya jibu kuwe na mstari mmoja mdogo unaoonesha mabano kama kikokotoo kilivyoyaelewa: (10 − 4) + 3. Basi. Mchanganuzi ukishakuwepo, mstari huo ni bure, maana mti wa hesabu unao tayari mkononi.

Vivyo hivyo ile 6÷2(1+2) ambayo watu hugombania mitandaoni kila mwaka. Wengine wanapata 9, wengine 1, na vikokotoo vya mkononi navyo havikubaliani. Mie sitaki tuchague upande kimyakimya. Kioneshe mabano kilivyoyaweka, na ikiwezekana kiulize. Hata -3^2 ni hivyo hivyo: kanuni ya hisabati inasema −9, lakini Excel inakupa 9. Mwanafunzi anayetoka Excel kuja kwetu ana haki ya kuona kwa nini tumetofautiana.

Sasa sehemu. Hapa niachie nafasi kidogo, maana ndilo jambo ninalolitaka kuliko yote.

Kikokotoo chetu kinageuza kila kitu kuwa desimali. Unajua mwenyewe kilichomo ndani: kiwango cha IEEE 754 cha mwaka 1985 cha kuhifadhi desimali kwenye kompyuta, biti 64, usahihi wa biti 53. Katika mfumo wa mbili 0.1 haikai kamili, kama vile theluthi isivyokaa kamili katika desimali zetu, ndiyo maana 0.1+0.2 inatoka 0.30000000000000004. Wewe umezoea, hata huioni. Wanafunzi wangu wanaiona, na wananiuliza ile 4 ya mwisho imetoka wapi. Jaribu pia 1/49*49 uone kama utapata 1.

Dawa ni kuhifadhi kiasi na asili mbali mbali, namba nzima mbili, kwa BigInt, aina ya namba nzima isiyo na kikomo cha tarakimu, ambayo vivinjari vinayo kwa miaka sasa. Jumlisha, toa, zidisha, gawanya: zote zinabaki kamili. Ikija √2 au sini, hapo sehemu haiwezekani, basi tunahamia desimali lakini tunabadilisha na alama: kilicho kamili kipewe =, kilichokadiriwa kipewe ≈. Nakuomba alama hiyo usiipuuze. Ni kitu kidogo kwenye kioo, lakini mtoto anayejua tofauti ya hizo mbili amekwishajifunza nusu ya somo la makadirio.

Na kwa nini nang'ang'ania? Unakumbuka darsa la mirathi, ile masala ya mimbari? Mtu kafa, kaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke thumuni, 1/8. Mabinti thuluthi mbili, 2/3. Baba sudusi na mama sudusi, 1/6 na 1/6. Ukizileta kwenye asili ya 24 unapata 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Mafungu yamezidi mali. Ndipo inapoingia aul: asili inapandishwa kutoka 24 hadi 27 ili kila mmoja apungukiwe kwa uwiano ule ule, na mke mwenye 3/24 anakuwa na 3/27, yaani 1/9. Inasimuliwa kuwa Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui.

Leo andika 1/8+2/3+1/6+1/6 kwenye kikokotoo chetu. Utapata desimali, 1.125 hivi, na hapo huoni 24 wala 27 wala mke. Tukiweka sehemu kamili tutapata 9/8. Ni sahihi, lakini bado haitoshi! Kikokotoo kimejifanya hodari, kimefupisha, na 27/24 imepotea pamoja na maelezo yote yaliyokuwa ndani yake. Kwa hiyo nataka kitufe cha kutofupisha: kila sehemu iletwe kwenye kigawe kidogo cha shirika, zioneshwe zote kwenye mstari mmoja, 3/24 + 16/24 + 4/24 + 4/24, na jumla yake ibaki 27/24 mpaka mtu mwenyewe aombe ifupishwe. Mwalimu wa darasa la sita atakitumia kufundisha KDS, na ustadh atakitumia kwa yake. Wala si jambo la kulazimisha, maana Al-Khwarizmi mwenyewe alipoandika aljebra yake Baghdad katika karne ya 9, kurasa nyingi alizitumia kwa wasia na mirathi.

Ila tafadhali usije ukaniwekea ukurasa wa «Gawa Mirathi». Nakujua. Kazi yetu sisi ni kujumlisha tu. Nani anarithi na nani anazuiliwa hiyo ni kazi ya kadhi, na sitaki ukoo wa mtu uje kugombania shamba la mikarafuu kwa sababu ya kitufe chako.

Kuhusu simu nitasema kwa ufupi, maana tulishazungumza. Wengi huku wanafungua kwa simu za bei ndogo na bando la kuhesabu. Ukurasa wetu unapakua maktaba nzima ya kuchora alama za hisabati pamoja na fonti zake. Chrome tangu toleo la 109 la Januari 2023 inachora yenyewe MathML, lugha ya kuandikia alama za hisabati kwenye kurasa za mtandao, na Firefox na Safari zilikuwa zikiweza kabla yake, kwa hiyo sehemu na vipeuo tunaweza kuviachia kivinjari. Halafu ukurasa ujihifadhi kwenye simu ukishafunguliwa mara moja, ufanye kazi hata mnara ukiwa umelala. Kwenye simu kongwe alama zikija vibaya, tuandike 3/24 kwa mkwaju, hakuna atakayekufa.

Jengine, na hili ni la dakika tano: hatuna faili la leseni. Msimbo tumeuweka hadharani na tunajisifu kuwa ni huria, lakini bila leseni mtu anaruhusiwa kuusoma tu, haki zote bado zako. Mwalimu mwenzangu wa Chake alitaka kuunakili kwa skuli yake, akaona hakuna leseni, akaogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa. Chagua leseni ya MIT ukitaka kila mtu afanye apendavyo, au GPL ukitaka anayeusambaza na mabadiliko yake ayaache wazi pia. Mie moyo wangu uko kwa GPL, lakini msimbo mwingi ni wako, sikulazimishi.

Hivi ndivyo ninavyoona tugawane. Mimi nakusanya maswali kutoka madaftari ya wanafunzi, yale waliyoyaandika kama walivyoyaandika, pamoja na koma zao na sifuri zao, na mbele ya kila moja naandika jibu linalotakiwa. Hayo yawe majaribio, yaingie kwenye hazina ya msimbo kabla hujagusa mstari mmoja, ili ukibadilisha kitu tujue papo hapo kilichovunjika. Ujumbe wa makosa pia nitauandika mimi kwa Kiswahili, maana «Infinity» kwa aliyegawa kwa sifuri si jibu la kumpa mtoto. Wewe mchanganuzi, kisha sehemu. Aljebra ya herufi tusiiguse sasa. Macsyma, programu ya aljebra ya namna hiyo, ilianza katika chuo cha MIT Marekani mwaka 1968, mtoto wake Maxima bado anafanyiwa kazi, na sisi tuko wawili.

Nijibu la leseni kabla ya Ijumaa ili nimwambie yule mwalimu. Nakuletea karafuu kidogo na boti ya Jumamosi, mpelekee mama yako, na umwambie namsalimu sana.

Wasalaam,
Mie sahibu yako, Wete

Nyongeza: tanjenti ya nyuzi 90 inatoka 16331239353195370. Iambie iseme «haipo». Na kitufe cha nyuzi na radiani kikae juu kabisa kikionekana, maana darasa zima juzi liliniambia sini ya 30 ni −0.988, na wote walikuwa na hakika.