Karadha kwa Vijana Wetu wa Likoni: Twaomba Mchango Wenu

Assalaamu alaykum, wazee wetu, mama zetu na ndugu zetu mlioko hapa na mlioko ng'ambo (ng'ambo ya Maskati na London, si hii yetu ya feri).

Kila tukimaliza swala ya alasiri, barazani msikitini hubaki vijana wameketi. Si wavivu hao. Wengi asubuhi walishavuka kutafuta kibarua bandarini au sokoni Kongowea, wakarudi mikono mitupu na nauli ya matatu imeliwa.

Mikopo haikosekani. Hazina ya Hustler, ile ya serikali, tangu Novemba 2022 hukopesha kuanzia shilingi 500, kwa siku 14 na riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Riba ni ndogo, kweli, lakini wapo wasiotaka kuigusa hata iwe senti. Na siku 14 ni za mwenye kununua nyanya leo auze kesho; aliyenunua cherehani hazimtoshi hata kujulikana mtaani.

Ndipo kamati yetu ya msikiti ikaanzisha karadha, mkopo usio na riba. Kijana hurudisha kile kile alichokopa, shilingi 500 kila Ijumaa, na anachorudisha humwendea mwenzake aliye kwenye foleni. Akikwama twamngoja, kama tulivyoamrishwa katika Al-Baqara, aya ya 280.

Mwanzo tulikosea, tuliwapa pesa mkononi. Nyingine zikaenda kwenye kodi ya nyumba, nyingine karo ya mdogo mtu, wala hatukuwa na uso wa kumlaumu yeyote: pesa ikiingia nyumba yenye njaa haisubiri kuwa mtaji. Sasa twanunua kifaa chenyewe. Na kabla ya kifaa, kijana hukaa miezi 3 kwa fundi: wa kanzu na sare za shule, wa friji na feni, au jikoni kwa mama muuza viazi karai. Huko jikoni ndiko hesabu hujulikana. Unga wa dengu kiasi gani kwa kilo ya viazi, mafuta yabadilishwe lini, na ule ukwaju ambao mteja hujimiminia bila huruma waingia kwenye bei ya nani? Yote huandikwa daftarini kila jioni. Asiye na daftari hapati karadha.

Wanaongoja ni 12, wasichana 7 na wavulana 5. Karadha moja ni shilingi 20,000 kwa wiki 40. Kwa wote ni 240,000. Nauli na vifaa vya mafunzo ni 60,000. Jumla twatafuta 300,000.

Shilingi 500 yatufaa. Cherehani kuukuu iliyolala stoo yatufaa pia, na fundi aliye tayari kumkalisha kijana kando yake twamhitaji zaidi. Mwenye kutoa zaka atuambie mapema, maana hiyo ina wenyewe na haichanganywi na karadha.

Mweka hazina hupokea kila Ijumaa baada ya swala na hutoa risiti. Walio mbali wawatume jamaa zao walioko hapa. Hesabu ya mwezi hubandikwa mlangoni, upande wa viatu. Ukivaa vyako, isome.