Klorini ipo, maji kijani: wauzaji wa dawa za mabwawa tuambieni kilichomo

Ndugu Mhariri, salaam nyingi toka Mtwara. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, najua ukurasa wa barua msimu huu umejaa bei ya korosho na barabara, ila na sie tunaotunza mabwawa ya kuogelea majumbani mwa watu tuna letu, na langu ni hivi vidonge vyeupe vya klorini vinavyouzwa kwenye ndoo na kile kitu kilichomo ndani yake ambacho muuzaji hakutajii na wewe kwa macho hukioni.

Mi nahudumia nyumba kadhaa zenye swimingi puli pale Shangani na nyingine moja Mikindani, nazunguka na pikipiki, wavu nimeufunga pembeni na ndoo ya dawa iko mbele. Mwaka jana mwezi wa kumi mama mmoja anaeishi Dar, nyumba yake huku anapangisha wageni wakati wa mnada wa korosho, akapiga simu ya video, mlinzi ndo kamshikia simu anamzungusha bwawa zima, maji yamekua kijani kama kisamvu. Akasema we mwanangu, hili bwawa la kuogelea au la kambale? Nikasema shikamoo mama, hata hakuitikia.

Kilichoniuma ni kwamba dawa nilikua natia. Bwawa lilijazwa maji mapya mwezi wa sita, tangu hapo vidonge vinne kila wiki sijaruka hata wiki moja, na klorini nikipima inasoma 3, namba ambayo fundi yeyote atakwambia iko poa. Nikaongeza dawa, nikasugua kuta, nikaosha filta, siku ya tatu kijani kiko palepale na mlinzi keshaanza kusema labda kuna mtu kaja usiku kufanya mambo yake, maana huku kwetu hilo nalo halikosi kutajwa.

Alieniokoa ni kaka mmoja anatunza bwawa la hoteli Dar, nilimpigia nikamwelezea yote akaniuliza swali moja tu, stabilaiza umepima lini? Nikabaki kimya. Miaka yote nilikua napima klorini na ile asidi ya maji basi, hii nilikua nasikia jina tu.

Kwa wasioijua, stabilaiza jina lake la kitaalamu ni asidi ya sayanuriki, na si kitu kibaya, tena kwa jua la huku bila hio utatia klorini asubuhi na ikifika mchana hakuna kitu, jua linaila. Hio mwezi wa kumi ndo usiseme, kama tarehe 19 hivi jua la Mtwara linakua utosini kabisa, saa sita mchana ukisimama kivuli chako unakikanyaga, klorini isiyo na kinga inapungua nusu ndani ya saa moja tu. Stabilaiza ndo mwavuli wake. Shida ni kwamba ikizidi inaikumbatia klorini mpaka haifanyi kazi, klorini ipo, kipimo kinaiona, ila ukungu wa kijani unaota mbele yake. Kwa bwawa la nyumbani inatakiwa 30 mpaka 50, yani gramu 30 mpaka 50 kwenye kila uniti moja ya maji (lita elfu moja). Na jinsi inavyopanda na klorini unatakiwa uipandishe, kaka alinipa hesabu ya kama asilimia 7 na nusu ya stabilaiza, kwaio ikiwa 40 klorini ya 3 inatosha, ikiwa 160 unahitaji 12, na nani huku anatia klorini ya 12?

Sasa kupima. Zile karatasi za kuchovya kwa stabilaiza mi siziamini, rangi ya 100 na ya 150 mchana kweupe zinafanana kama pacha. Kipimo cha kueleweka ni kile cha kichupa chenye nukta nyeusi chini. Unachota maji ya bwawa kina cha kiwiko, sio ya juujuu, unachanganya na dawa yake nusu kwa nusu, unatikisa taratibu, unasubiri kidogo, mchanganyiko unageuka mweupe kama maji yaliyooshea mchele. Dawa yenyewe ni melamini, ndio, ndugu yake na zile sahani za melamini za nyumbani kwako, ikikutana na stabilaiza zinashikana zinakua chembechembe nyeupe, kwaio weupe ukizidi jua stabilaiza ni nyingi. (Ukimaliza mwaga na uoshe chupa, usiache watoto wachezee, mwaka 2007 kule Marekani mbwa na paka walikufa figo zimejaa chembe hizohizo baada ya kula chakula kilichochanganywa na vitu hivi viwili.) Alafu unamimina kidogokidogo kwenye kichupa huku unachungulia kwa juu, nukta ikipotea unaacha, unasoma mstari wa maji ulipofikia. Jua liwe mgongoni kwako na kichupa kiwe kwenye kivuli cha mwili wako, ukikipeleka ndani kwenye giza utapata namba nyingine kabisa. Na usiikodolee macho ile nukta, tupia jicho mara moja utoe, maana jicho likishajua nukta iko wapi linaendelea kuiona hata ikishapotea.

Nilipomimina mara ya kwanza nukta ilipotea hata mstari wa chini sijafika, na mstari wa chini ndo 100. Kaka akasema chota nusu ya bwawa na nusu ya maji safi ya bomba, pima tena, unachopata zidisha mara mbili. Nikapata 80. Kwaio bwawa lilikua na 160.

Nikakaa chini na kalamu. Kidonge kimoja ni gramu 200, na kikishayeyuka zaidi ya nusu ya uzito wake kinaacha stabilaiza, kama gramu 111 hivi. Bwawa la yule mama ni uniti 48. Vidonge vinne kwa wiki kwa miezi minne ni vidonge 70, yani kwa mkono wangu mwenyewe nilishatia kilo saba na nusu na ushee za stabilaiza humo ndani. Klorini inatumika inaisha, yenyewe haiishi, jua haliigusi na filta haiikamati, maji yakikauka yenyewe inabaki, inatoka pale tu maji yenyewe yanapotoka.

Dawa yake basi ni kumwaga maji. Tulimwaga mpaka yakabaki ya magotini, kama uniti 33 zimeenda, tukaagiza boza tatu za lita elfu kumi na kilichobaki tukajazia bomba usiku. Mama alilipa ila maneno niliyoyasikia siyaandiki hapa. Na wenzangu wa nyumba za karibu na bahari msimwage bwawa lote mkaliacha tupu hasa masika, maji ya chini ya ardhi yanaweza kulisukuma likapasuka. Baada ya hapo nikapima, ikaja kati ya 40 na 50, klorini nikaipandisha, siku ya nne unaona vigae vya chini vyote.

Sasa Mhariri lawama yangu ndo hii. Dukani niliponunua ndoo ile, sitaji duka, niliuliza kabisa hii ni klorini gani nikajibiwa klorini ni klorini bwana. Si kweli! Vidonge vingi vina stabilaiza, unga upo wenye nayo na upo usio nayo. Ukiona kwenye karatasi ya ndoo neno sayanuriki au isosayanureti, kwa herufi za kizungu lakini, jua imo. Ukiona kalsiamu haipokloraiti, haimo, na ile ya maji nayo haimo. Mi sasaivi bwawa likishafika 40 naacha vidonge natumia ya kalsiamu natia jioni jua likishazama, ila sithubutu kuviweka viwili hivyo ndoo moja wala kutumia kikombe kimoja kuvichotea, vikichanganyika vikavu vinaweza kuwaka moto au kulipuka, na hilo pia dukani hakuna alieniambia, niliondoka na zote mbili kwenye mfuko mmoja juu ya pikipiki.

Ninachoomba sio kikubwa. Wenye maduka ya Mtwara na Lindi leteni na vile vichupa vya nukta nyeusi, sio vidonge tu, mi changu kilibidi kitoke Dar na basi. Na kwenye kila ndoo andikeni kwa makapeni kwa Kiswahili, INA STABILAIZA au HAINA, maneno mawili tu. Na wenye nyumba mkimwajiri fundi msimuulize tu maji yana rangi gani, muulizeni stabilaiza ngapi, mara moja kwa mwezi inatosha, na mvua za Desemba zikishapiga wiki mbili bwawa likawa linafurika muulizeni tena, maana hapo inaweza kua imeshuka hadi 20 na klorini yenu inaliwa na jua upya.

Fundi wa mabwawa,
Shangani, Mtwara